Pasipoeleweka

Siwema alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Mwalimu wao alimpa kila mwanafunzi makala moja ya afya ya kurekebisha katika kamusi elezo ya mtandaoni, na yeye akapata ya kifafa cha mimba. Masharti yalikuwa kwamba kwanza amsomee mtu asiyesoma udaktari.

Basi akamsomea Mwanaidi, mke wa kaka yake, aliyekuwa akimenya muhogo uani, na mimba yake ya miezi minane.

"Wifi, unikatize pasipoeleweka."

Akasoma: kichwa kuuma bila kutulia, uso na mikono kuvimba, macho kuona vimulimuli. Kisu kikasimama.

"Panaeleweka," alisema Mwanaidi taratibu. "Ila umesema ni hatari. Si uchovu tu? Mbona mimi ninavyo vyote tangu juzi?"

Siwema akainua macho. Pete ya wifi yake ilikuwa imezama kidoleni, na nyumba ni moja, sahani ni moja, asiione!

"Inuka, twende hospitali."

"Na muhogo?"

"Uache, wifi yangu, nakuomba."

Hospitalini nesi alimfunga Mwanaidi kipimo cha presha mkononi, akakitazama. Akakifungua, akakifunga upya, akaanza kupima tena. Mwanaidi hakumwangalia nesi. Alimkazia macho Siwema, naye Siwema akajitahidi uso wake usiseme kitu.