Nambari za Mize

Siku hizi milango yetu haina vitasa. Inasoma majina kwenye hifadhi moja ya kumbukumbu ya mtaa mzima. Mimi ndiye niliyemwandika mjukuu wangu Mize, nikasahau kuiambia mashine ya hifadhi kwamba hizo ni herufi za jina. Ikaziweka kama nambari, kila herufi na yake.

Saa saba mchana, jua linaua, mlango ukamkatalia.

"Bibi, nifungulie! Ni mimi, Mize!"

"Hayumo," mlango ukasema. "Yumo sabini na saba, mia na tano, mia ishirini na mbili, mia na moja."

Nikapiga kelele dirishani, "Zitaje nambari hizo, mama! Sema ndiwe wewe!"

Akazitaja akilia. Mlango ukafunguka.

Jioni nikamchokoza kama kawaida yetu. "Mize, kitendawili!"

Hakugeuka.

Nikamwita tena. "Sabini na saba..."

"Tega, Bibi," akaitika.