Kodi ya Pumzi

Kikohozi ndicho kilichotangulia kupanda. Kiligonga mbao za duara, lile shimo la dhahabu, kikatoka mdomoni mwake, kikamfikia Davis kabla hajaona hata kofia ya mtu. Kisha winchi ikalia, na kamba ikamleta juu kaka yake, mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Bujiku alitema mate, akayafukia upesi kwa mguu. Davis alikuwa ameshaiona damu. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza utarudi lini Samuye."

"Duara likitoa dhahabu. Au likifungwa."

Ndiyo kanuni ya machimbo yale ya Geita, na hakuna aliyeiandika. Mchimbaji hula kwa mwenye duara, hulala kwa mwenye duara, na mgao wake hutoka siku duara linapofikia mwisho. Akiondoka mwenyewe kabla ya hapo, hana lake. Bujiku alikuwa amezika ujana wake mle chini. Mashimo ya aina ile ndiyo yaliyomlipia Davis ada ya chuo. Na daktari wa Shinyanga hakuwa ameficha kitu: msimu mwingine mmoja wa vumbi, na mapafu hayo hayarudi tena.

Pembeni jenereta ilinguruma, ikisukuma hewa chini kwa bomba la plastiki. Sostenes, mwenye duara, alikuwa amelikalia dumu la dizeli kama kuku aatamiaye.

"Karibu, msomi. Nasikia huko mjini mnatuletea kodi ya kaboni. Dizeli ikipanda tena, mimi basi. Sina ujanja."

"Imefikia wapi hiyo kodi?" Bujiku aliuliza haraka.

Davis alimtazama kaka yake machoni. Alijua Sostenes akibanwa atabana wapi. Hata sasa jenereta ilikuwa ikizimwa mchana, ati ipumzike, na watu wako chini.

"Mkutano wa maoni ni Alhamisi," alisema. "Nitasimama mimi."

"Davis, nisikilize kwanza..."

"Niachie, kaka. Ulinisomesha ili nikae kimya?"

Bujiku alifungua mdomo ajibu. Kikohozi kikamwahi.

Ukumbi wa Shinyanga ulijaa wanunuzi wa pamba, madereva wa bajaji na wafugaji waliotoka Kishapu alfajiri. Mbele aliketi Dokta Asteria, yule aliyemfundisha Davis uchumi. Alieleza bila kupaza sauti: moshi una gharama, na kwa sasa anayeilipa ni mfugaji ambaye lambo lake limekauka. Atoaye moshi ndiye alipe.

Davis alipoinuka tu, Dokta akatabasamu.

"Huyu ni mwanafunzi wangu, jamani, na alifaulu vizuri. Haya, Davis, leo umeamua kuukataa uchumi wote?"

Watu wakacheka. Davis akasubiri kicheko kiishe.

"Siukatai, mwalimu. Nauamini sana, ndiyo maana naogopa. Uchumi unasema bei ikipanda, mtu atapunguza. Nami nauliza, atapunguza nini? Mwenye gari atapunguza safari. Mwenye duara atapunguza hewa, na aliye chini hana pumzi ya akiba. Kuuliza mzigo unamwangukia nani si kuukataa uchumi. Ni kuusoma mpaka mwisho."

Makofi yalitikisa mabati. Mfugaji mmoja alipiga fimbo sakafuni.

Dokta aliwaacha wanyamaze. "Umesema vizuri. Lakini kuna jambo umeliruka. Bei ikipanda, mwingine hapunguzi. Anaacha kabisa."

"Aache aende wapi? Kaliambie tumbo lake."

Wakacheka tena, na safari hii walimcheka Dokta. Alifunika kalamu yake.

Haukupita muda mrefu, tangazo likatoka: dizeli ya wachimbaji wadogo imesamehewa ile kodi. Waliolisoma walilitaja jina la Davis. Hakupiga simu. Habari kama ile mtu huipeleka mwenyewe. Alipanda basi la Geita, na njia nzima alikuwa akimwona kaka yake akivuta hewa tele, kifua kikipanda na kushuka bila kukwama.

Alipofika, harufu ya nyama ilimpokea kabla ya watu. Sostenes alikuwa amechinja mbuzi. Bomba jipya la hewa lilikuwa limeviringishwa kando ya shimo, refu kuliko la zamani. Wachimbaji walikula wameinamisha vichwa, na hakuna aliyetania. Uchovu, Davis alijiambia.

Alimkuta Bujiku kibandani, amepiga magoti, anafungua kamba ya katani iliyokuwa imefunga godoro lake. Karibu naye kulikuwa na begi lililojaa nguo na kitenge kipya cha kike.

"Tumeshinda, kaka."

"Nimesikia. Wabeja, asante."

"Mbona mizigo? Ulikuwa unakwenda wapi?"

Bujiku alilitandika godoro polepole, akalinyoosha pembe zake. "Kale nyama kwanza, mdogo wangu."

Sostenes aliingia kwa kishindo, akamshika Davis mkono, akamvuta nje na kuunyanyua mkono huo mbele ya wote. Bujiku aliwafuata, akasimama mlangoni.

"Huyu ndiye, jamani. Si mnajua nilishawatangazia? Jumatatu nilikuwa nafunga, yale mawe tuliyopandisha tugawane, kila mtu arudi kwao na haki yake." Sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Msomi, umeniokoa. Na mimi nakuahidi, mbele ya kaka yako: duara hili halifungwi tena. Kesho tunashuka zaidi."