Kitambaa Kwenye Feni

Fundi alizamisha mkono kwenye feni ya injini, nyuma ya gari la baba, akavuta kitambaa kilichobabuka kwa joto.

"Injini hii inapozwa na upepo," alisema. "Upepo ukazibwa, ikachemka mpaka ikanoki, ikafa kabisa."

Ilituzimikia tukimkimbiza baba hospitali. Baba akakata roho pale pale barabarani.

Pindo la kitambaa lilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa kijani. Uzi huo ndio ulioshona vifungo vya sare zangu zote za shule.

"Mmeona nini?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi la nje.

Fundi alinitazama. Nikakisokomeza kitambaa mfukoni.

"Uzee tu, mama," nilijibu.

"Na nilivyolitunza gari hili tangu baba yako augue," alisema. "Hata vumbi sikuruhusu liingie kwenye injini."