Mgongo Unaoishia Mabegani

"Ing'oe yote miwili," mzee alisema.

Sindano, fundi wa viti vya magari, aliitazama ile mito ya kuegemezea kichwa kama mzazi aliyeambiwa awafukuze wanawe nyumbani. Alikuwa ameishona kwa mkono wake, mwaka ule mzee alipoachiwa gari na marehemu kaka yake mkubwa.

"Mzee wangu, mto huu ndio shingo yako. Siku ukigongwa kwa nyuma utanikumbuka."

"Nitaendesha polepole."

Hilo halikuwa na ubishi. Gari lenyewe, la spoti, la viti viwili, lilimzimikia mara tatu akiliingiza karakana, na Sindano alijikaza asicheke.

Mzee akatoa picha mfukoni. Gari lilelile, likiwa jipya, limepigwa picha kutoka nyuma, paa limekunjwa. Zamani hizo magari ya namna hii yalitoka kiwandani na viti vifupi, mgongo unaishia mabegani; mito ya kichwa ilikuja baadaye, watu walipochoka kuvunjika shingo. Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuuzuia mkono wa dereva. Ulipita juu ya kiti cha pili ukatulia begani kwa msichana.

"Kumbe ulikuwa mtundu," Sindano akamtania.

Mzee hakucheka. Alieleza kwamba mkewe hajatamka neno kwa miezi minane sasa. Analishwa, anatazama ukuta. Daktari amesema vitu vya zamani huenda vikamrudisha.

"Nimejaribu nyimbo, nguo ya harusi, wajukuu. Limebaki hili gari. Nataka niisikie sauti yake, hata mara moja tu."

Sindano akachukua futi yake akaanza kupima. Kwa siku tisa alikata fremu, akachonga sponji, akashona mikunjo minene ya ngozi kama ilivyoonekana pichani. Kuvifupisha viti vile kulimuuma, lakini hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Siku ya kumi binti yao alimleta mama yake, amemshika mkono. Wakamkalisha taratibu. Mama akaipapasa ngozi, akaegemea, kichwa kikaenda nyuma bila kizuizi. Mzee akaingia upande wa usukani. Akaupitisha mkono wake juu ya kiti na kuuweka begani kwa mkewe.

Mama akageuka, akatabasamu. Binti akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umekawia," mama alisema, kwa sauti ya kisichana kabisa. "Mdogo wako ameleta posa nyumbani. Nimjibu nini?"

Mzee, huyo mdogo mwenyewe, mume wake wa miaka arobaini na mmoja, hakuuondoa mkono.

"Mkatalie," alisema.