Kioo cha Sebuleni

Mke mpya alimwita makusudi, amtoneshe kidonda: mtalaka wa mumewe aje kuipamba nyumba alimofukuzwa. Mpambaji akaja, akafanya kazi. Kuta zikang'aa, mapazia ya kitani yakaning'inia. Kikabaki kioo kirefu.

"Kiweke mlangoni, wageni wakione," mke mpya aliamuru kutoka kwenye sofa.

"Hapa ndipo penyewe, mdogo wangu."

Alikisogeza kushoto kidogo, mpaka kikanasa ile pembe ya baraza isiyoonekana kutoka sofani. Enzi zake akiwa mke humu, mume alijibanza palepale kupokea simu za huyuhuyu bibi harusi.

Simu ya mume, aliyeketi kando ya mkewe, ikalia. Akatoka barazani.

Ndani ya kioo, akajibanza pembeni, akacheka, akaibusu simu.

"Kimekaa sawa?" mpambaji aliuliza.