Kofia ya Siku Arobaini

Sheria inataka kila mtoto mchanga avae kofia kwa siku arobaini, hata akiogeshwa. Kofia hiyo hupima damu na maji ya ubongo kupitia utosini, na ikiona hatari humwita nesi.

Siku ya sita, Nesi Sekela alibisha hodi kwa Atupele akiwa na sindano zake. Mtoto, Ipyana, alikuwa ananyonya vizuri, hana hata homa.

"Vijidudu vimeingia kwenye damu," nesi alisema. "Tukichelewa vitafika kwenye ubongo."

Mama yake Atupele aligeukia ukutani. Mwanawe mwenyewe wa kwanza alifariki hivyo hivyo, yeye akidhani amelala.

Siku ya arobaini, Ipyana akiwa amenona mashavu, nesi alikuja kuivua kofia.

"Sasa akiumwa nitajuaje?" Atupele aliuliza.

Mama yake alimshika kiganja, akakiweka kwenye paji la uso la mtoto.

"Sisikii kitu, mama."

"Hivyo ndivyo mtoto mzima alivyo. Mzoee, siku akibadilika utajua."

Nesi aliaga, akaondoka na kofia. Chai ilipoa mezani, na Atupele alikuwa bado hajaondoa mkono.