Gari Lilisimama Mombo

Siku hizi ukikaa tu, gari linakupima damu, na halisimami penye chakula ulichokatazwa. Mimi na sukari na presha yangu, miaka yote limenipitisha mishikaki ya Mombo na kashata za Soni nikiambulia harufu.

Kipupwe kikiwa ukingoni, mjukuu wangu Mwajabu akanipandisha Lushoto kutazama milima. Mombo gari likasimama lenyewe. Soni likasimama tena.

“Bibi, umepona!” Mwajabu akacheka, mdomo unang'aa mafuta. “Kula bwana!”

Nikala. Kashata tamu, sikufichi.

“Hivi babu yako,” nikamuuliza, “ile safari yake ya mwisho, si lilimsimamia kila mahali?”

Mwajabu akaacha kutafuna. Nikamwekea mkononi kipande changu kilichobaki.

“Maliza, mama. Mbele bado kuna mahindi ya kuchoma.”